Dakika Ilikuwa na Mwenyewe

Mwishoni mwa mwaka 2000, kampuni kadhaa za intaneti hapa Nairobi ziliunganisha mitambo yao mahali pamoja na kukiita kituo hicho KIXP. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: barua pepe inayotoka Westlands kwenda Industrial Area isitoke Kenya. Maana hadi wakati huo ilikuwa inatoka. Kama mimi niko kwa kampuni hii na wewe uko kwa ile, ujumbe wangu ulipanda setilaiti, ukashuka ng'ambo, mara nyingi Marekani, halafu ukapanda tena kurudi hadi kwako, upande wa pili wa mji. Telkom Kenya ikalalamika. Wiki mbili hivi baada ya kuzinduliwa, tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kituo kizimwe. Kilirudi kazini Februari 2002.

Kisa hiki ni cha barua pepe, lakini ndicho kinachonisaidia kuelewa simu. Ukiuliza kwa nini watu walihamia simu za intaneti, utaambiwa ni bei. Sawa. Lakini ile ya zamani ilikuwa ghali kwa nini? Wengi tulidhani ni umbali: London ni mbali, kwa hivyo dakika ya London lazima iume. Kumbe umbali ulikuwa sehemu tu ya hesabu. Dakika ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mmoja.

Shirika la Posta na Simu lilivunjwa mwaka 1999, zikazaliwa Telkom, Posta na CCK. Telkom ikapewa miaka mitano ya kuwa peke yake kwenye njia ya kutoka nje ya nchi. Kampuni za intaneti zilipitia mtambo wake wa Jambonet, na zilikatazwa kubeba sauti. Mashirika ya namna hii, si Kenya tu, yalikuwa na hoja yake: pesa za simu za nje ndizo zinazolipia laini za ndani. Hoja si ya kipuuzi. Ila aliyekuwa akiilipia ni yule mwenye mtoto ng'ambo.

Ubishi wote ulitokana na jinsi simu hizi mbili zinavyofanya kazi. Simu ya zamani ilikukatia njia nzima kutoka kwako hadi kwa mwenzako. Mkiongea, mkinyamaza, njia ni yenu, na mita inahesabu. Simu ya intaneti haina njia yake. Kwa mpango wa kawaida, sauti yako hupimwa mara 8,000 kila sekunde, ikageuzwa namba, kisha zikafungwa kwenye vifurushi vidogo, 50 hivi kwa sekunde. Kila kifurushi kina anwani, kinapita barabara moja na picha za watu na barua pepe za ofisi. Kikichelewa sana kinatupwa, kwa sababu neno lililochelewa halisaidii mazungumzo. Ndiyo ile "unakatika, unakatika". Barabara yenyewe haijui dakika ni nini, wala haijui kama imebeba sauti au picha ya harusi. Muuza dakika angefanyaje hapo?

Programu za kupiga simu hivi zilianza kuuzwa mwaka 1995, kampuni ya VocalTec ya Israeli ilipotoa Internet Phone. Skype ikaja Agosti 2003. Ukiritimba wa Telkom ulipoisha katikati ya 2004, sheria ilianza kulegea, na saiba za tao zikawa na vipaza sauti vya kichwani kando ya kila kompyuta. Lakini setilaiti ilikuwa bado inatutesa. Iko karibu kilomita 36,000 juu, na sauti kupanda na kushuka ni robo sekunde. Swali na jibu, nusu sekunde. Unauliza, unadhani hajasikia, unarudia, mnagongana. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na ule mgongano ukapungua. WhatsApp ilipoongeza simu za sauti mwaka 2015, watu hawakuhitaji tena kufundishwa. Namba zilikuwa tayari kwenye simu zao.

Hapo ndipo naona jambo ambalo hesabu ya bei hailisemi. Salamu zetu ni ndefu. Unauliza mtu, watoto, mvua, ng'ombe, ndipo unafika kwa neno lenyewe. Dakika ya kulipiwa iliikata hiyo adabu. Kwetu, simu ya ng'ambo ilikuwa kama telegramu: mgonjwa anaendeleaje, karo imefika, wasalimie wote, tii. Shangazi yangu alikuwa anaandika mambo yake kwenye karatasi kabla ya simu kulia. Siku hizi anaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, anasonga ugali, na binti yake yuko huko anakunja nguo. Wanaweza kukaa dakika kumi bila neno. Zamani kimya kililipiwa sawa na maneno. Sasa programu nyingi hupunguza vifurushi ukinyamaza, kwa hivyo kimya kimekuwa karibu bure. Nadhani hicho ndicho watu walichohamia, hata kama wakiulizwa wanasema ni bei.

Lakini mwenyewe hajafa, amehama tu. Saudi Arabia, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi za nyumbani, ilizuia simu hizi hadi ilipoanza kulegeza Septemba 2017. Dubai, kwa miaka mingi, simu ya WhatsApp imekuwa haipiti. Unatumia programu iliyoidhinishwa au unanunua dakika. Mtu aliye peke yake kwa nyumba ya watu, mbali na kwao, ndiye anayebakishiwa ile simu ya telegramu, na ndiye hasa anayehitaji kusema "sijambo" kwa sauti ambayo mamake atasikia kama ni ya kweli.

Hata hapa nyumbani, bando likiisha mazungumzo yameisha. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema intaneti imeua umbali, namuuliza swali lile la mwaka 2000: mlango ni wa nani?