Stempu za zamani kwa sanduku la guka: Jinsi ya kutambua orijino na feki kabla hujaingizwa box

Umeenda ushago wikendi kumsaidia shosho kupanga vitu. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati, na ndani yake, kati ya risiti za kahawa na picha za harusi, kuna bahasha imejaa stempu. Zingine zina kichwa cha mfalme wa Uingereza na maneno "Kenya and Uganda". Zingine zina jua na taji. Unapiga picha, unatupa kwa grupu ya familia, na kabla chai haijapoa binamu ashapata mnunuzi.

Ama uko upande ule mwingine. Kuna msee mtandaoni anakuuzia "stempu ya 1890, orijino kabisa, bei ya kutupa", na anataka utume ganji kabla jioni.

Tulia kwanza. Kwa hii biashara unaweza kuchomwa mara mbili: ununue takataka kwa bei ya dhahabu, ama uuze dhahabu kwa bei ya takataka. Hizi hapa mbinu ambazo wakusanyaji stempu hutumia, na nyingi utaweza kuzifanya ukiwa mezani kwako.

Feki si lazima iwe feki yote

Wengi wetu tukisikia stempu feki tunafikiria mtu amejificha mahali na mashine anachapisha kila kitu kutoka mwanzo. Hizo ziko. Lakini zile hatari ni stempu halali kabisa za posta ambazo mjanja ameongezea kitu kimoja tu: maandishi, muhuri ama gundi. Ni kama shati ya kawaida ya Gikomba iliyoshonewa lebo ya bei kali. Shati ni shati kweli, uongo uko kwa lebo.

Kwa hivyo ukishika stempu, usiulize tu kama ni orijino. Kagua kila sehemu peke yake.

1. Maandishi yaliyogongwa juu

Mwaka wa 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kuendesha posta katika pwani yetu. Stempu zake zilikuwa bado, kwa hivyo ikachukua stempu tatu za Uingereza, ile ya peni 1, ya peni 2 na ya peni 5, ikazigonga juu maneno "BRITISH EAST AFRICA COMPANY" na bei mpya kwa anna: nusu anna, anna 1 na anna 4.

Sasa cheki hapa. Ile stempu ya peni 1, yenye rangi ya zambarau na kichwa cha Malkia Victoria, ilichapishwa Uingereza zaidi ya mara bilioni 33. Hadi leo iko kila mahali na bei yake ni ya chini sana. Lakini ikiwa na yale maandishi ya kampuni, bei inapanda vibaya. Mjanja hahitaji kuchapisha stempu. Anahitaji tu kugonga maneno.

Mambo yaliharibika zaidi baadaye. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ilipochukua usimamizi kutoka kwa kampuni, stempu za kampuni ziligongwa maneno "BRITISH EAST AFRICA" kwa mkono, na stempu za India zikachapwa maneno hayo hayo pia. Kitu kinachogongwa kwa mkono ni rahisi kuigiza.

Hivi ndivyo utakagua: Chukua kioo cha kukuza, kile cha mara 10 wanachotumia masonara. Angalia umbo la kila herufi, unene wake na nafasi kati ya mistari, kisha linganisha na picha ya stempu iliyothibitishwa. Halafu angalia mahali maandishi yanapokutana na muhuri wa posta. Maandishi yalipaswa kuja kwanza, muhuri baadaye. Ukiona wino wa maandishi umelala juu ya muhuri, hiyo stempu ilitumika Uingereza ama India kwanza, ndipo mtu akaiongezea "Afrika Mashariki". Hapo funga mazungumzo.

2. Muhuri wa posta

Kwa stempu zetu za enzi ya Mfalme George V, hapa ndipo kuna noma zaidi. Stempu za "Kenya and Uganda" zilizoanza 1922 zilikuwa na bei kutoka senti 1 hadi pauni 100. Jiulize, ni barua gani hiyo ya kulipiwa pauni 100? Stempu za bei kubwa namna hiyo zilitumika hasa kulipia ushuru wa serikali kwenye hati, kwa mfano mikataba na uhamisho wa mashamba. Afisa alizifuta kwa kalamu ama kwa muhuri wa ofisi.

Stempu iliyotumika kwenye hati huwa na bei ya chini sana kuliko ile ambayo haijatumika au yenye muhuri halali wa posta. Ndiyo maana wajanja huziosha kwa kemikali, wino wa kalamu unapotea, halafu wanagonga muhuri feki wa posta juu. Ni wash wash, ila ya stempu.

Dalili zake: rangi imepauka kuliko kawaida, karatasi imekwaruzika, ama kuna alama ya kalamu iliyokandamiza karatasi ukiinamisha stempu kwa mwanga wa pembeni. Na muhuri wenyewe uwe mzito mno, umekaa pale pale ambapo sahihi ilikuwa.

Pia soma tarehe. Stempu iliyotoka 1922 haiwezi kuwa na muhuri wa 1919. Unaona ni kitu dogo, lakini wajanja huteleza hapo.

Na usifikirie mihuri feki ni kazi ya wasee wadogo. Mjini London kulikuwa na seti ya mihuri bandia zaidi ya 400 ya makoloni ya Uingereza, inayojulikana kwa jina la "Madame Joseph". Ilitumika kudanganya wakusanyaji wa dunia nzima.

3. Alama ya maji

Unajua vile unainua noti ya elfu moja kwa mwanga uone simba? Stempu nyingi za zamani za makoloni ya Uingereza zina kitu hicho hicho: taji na herufi CA, yaani Crown Agents, ile ofisi iliyoagizia makoloni stempu. Hadi karibu 1921 herufi hizo zilikuwa za kawaida. Baada ya hapo zikawa za mwandiko wa mkono. Stempu za "Kenya and Uganda" za 1922 zinafaa kuwa na herufi za mwandiko.

Ilaze kifudifudi juu ya kitu cheusi, ama iinue kwa mwanga. Ikikosa alama kabisa, ama iwe na alama isiyo ya wakati wake, una sababu ya kukataa.

4. Wino na uchapishaji

Rudi kwa kioo chako. Stempu ya zamani ilichapishwa kwa wino wa rangi kamili, kwa hivyo mistari yake ni thabiti. Ukiona vitone vidogo vya rangi ya samawati, waridi, njano na nyeusi vimechanganyika kutengeneza rangi moja, hiyo imetoka kwa printa ya kisasa. Hakuna printa ya aina hiyo 1890.

5. Meno na gundi

Yale matundu ya pembeni huhesabiwa kwa kila sentimita 2. Stempu za 1922 tulizotaja zina kipimo cha 14. Kuna kipimo maalum cha kadi, lakini hata rula na macho mazuri yatakusaidia. Upande mmoja ukiwa na meno tofauti na mwingine bila sababu inayojulikana, huenda mtu alikata ukingo uliochakaa akatoboa upya.

Gundi nayo hudanganya. Stempu ambayo haijatumika na gundi yake haijaguswa huuzwa ghali, kwa hivyo wengine hupaka gundi mpya. Angalia ncha za meno: gundi mpya mara nyingi huingia kwenye nyuzi za karatasi na kuzifanya ngumu.

6. Taa ya UV

Ile taa ndogo ambayo keshia hutumia kuangalia noti feki itakufaa hapa. Karatasi za kisasa huwekwa kemikali ya kuzifanya ziwe nyeupe, na chini ya UV zinawaka kama shati jeupe klabuni. Karatasi ya 1890 au 1922 haifai kuwaka hivyo. Taa hiyo hiyo pia inaweza kufichua mabaki ya wino uliooshwa.

Hata wataalam huchezwa

Kulikuwa na jamaa anaitwa Jean de Sperati, Muitaliano aliyeishi Ufaransa. Mwaka wa 1942 forodha ya Ufaransa ilikamata stempu zake 18 zikienda Lisbon. Zikakaguliwa, ikasemwa ni orijino, akashtakiwa kwa kutoa mali ya thamani nchini. Ikabidi Sperati ajitetee kwa kuthibitisha kwamba alizitengeneza mwenyewe!

Siri yake? Alinunua stempu za bei rahisi za enzi ile ile, akafuta picha, akaacha karatasi na muhuri halisi, kisha akachapisha picha ya stempu ghali. Karatasi ilikuwa ya kweli, muhuri wa kweli, picha ndiyo ilidanganya. Ndiyo maana jaribio moja halitoshi.

Usifanye haya tafadhali

Usiloweke stempu kwenye maji. Nyingi za zambarau na kijani zilichapishwa kwa wino uliotengenezwa makusudi uyeyuke, ndio watu wasizioshe na kuzitumia tena. Dakika mbili za maji na thamani imeenda na sinki.

Usibandue stempu kutoka kwa bahasha ama hati. Bahasha nzima yenye anwani, tarehe na mihuri ni ushahidi, na mara nyingi ina thamani kuliko stempu peke yake. Na kama iko kwa hati ya shamba, hiyo hati huenda familia itaihitaji siku moja kuliko unavyohitaji hizo doo.

Usishike kwa vidole. Tumia kibano chenye ncha bapa.

Kabla pesa itembee

Kama umekagua yote na stempu bado inasimama, na bei inayotajwa ni ya maana, itafutie cheti. Royal Philatelic Society ya London imekuwa ikitoa maoni ya kitaalam kuhusu stempu tangu 1894. Huduma hiyo hulipiwa, kwa hivyo haina maana kwa stempu ya mia mbili. Lakini muuzaji anayedai stempu yake ni ya maelfu ya dola na hana cheti, mwambie akitafute kwanza. Wa ukweli ataelewa. Mjanja atakuambia kuna mteja mwingine anangoja.

Mwache amuuzie huyo mteja.

Na kwa lile sanduku la shosho: usiuze chochote leo. Stempu zimengoja miaka mia moja, zitangoja wiki mbili zaidi. Zipige picha mbele na nyuma, ziweke pakavu, halafu keti na shosho akuambie guka alizipata wapi. Barua, tarehe na jina la ofisi aliyofanyia kazi ni vitu ambavyo hakuna muhuri feki unaweza kugonga.