Zoloto na Toni: Mfano wa Mashi na Kiswahili mjini Bukavu

Mjini Bukavu, Mashi na Kiswahili husemwa na watu wale wale. Lugha hizi zina nasaba moja ya Kibantu, lakini hazilitumii zoloto kwa namna moja. Mashi ni lugha ya toni. Kiswahili sanifu kilikwisha kuipoteza toni ya kileksika, kikabaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho.

Zoloto ni kisanduku cha gegedu kilicho juu ya bomba la pumzi. Ndani yake mna nyuzi za sauti. Mwaka 1854 Manuel Garcia, mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania, aliziona nyuzi zake mwenyewe kwa kutumia vioo na mwanga wa jua. Mwaka 1958 Janwillem van den Berg alifafanua jinsi mkondo wa hewa na unyumbufu wa nyuzi hizo unavyozitetemesha. Misuli inapozivuta zikakazika, mtetemo huongezeka kasi na sauti hupanda, zikilegea, hushuka.

Kupanda na kushuka huko ndiko kunakobeba toni. Hata hivyo, alfabeti ya Kirumi iliyoletwa na wamisionari haina herufi za viwango vya sauti. Fonetiki na fonolojia ya Mashi ilichambuliwa kwa kina na L. Polak-Bynon katika sarufi iliyochapishwa Tervuren mwaka 1975. Kwa hiyo, anayeandika Mashi bila alama za toni huhifadhi konsonanti na irabu tu. Maana iliyotofautishwa zolotoni humwachia msomaji aikisie.