Ndoo ya maziwa, Bugando na mdudu mwenye jina letu

 

Kwenye somo la jenetiki tunasomeshwa Griffith, Avery na Lederberg. Sawa, walifanya makubwa. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo historia yetu ya jeni za bakteria, na sehemu kubwa yake imeandikwa pale Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ambayo hata mgonjwa wa kwetu Runzewe hupelekwa huku chini zikishindwa. Leo nawaletea hiyo.

Mhusika wangu ni Profesa Stephen Mshana, mtaalamu wa mikrobiolojia. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya vimelea 377 kutoka kwa wagonjwa wa Bugando. Kati ya Klebsiela, asilimia 64 walikuwa na vimeng'enya vinavyozivunja dawa za kundi la seftriaksoni. Kwa E. koli ilikuwa asilimia 24. Jamani, seftriaksoni ndiyo ile sindano inayokimbiliwa mtu akizidiwa!

Wengine wangeishia kwenye kuhesabu. Mshana aliuliza usugu huo unasafirije, na swali hilo likampeleka kwenye maabara za Giessen, Ujerumani, kwa timu ya Trinad Chakraborty. Mwaka huo huo 2009 walichapisha kazi juu ya E. koli wa hospitali moja ya Ujerumani: jeni ya usugu iitwayo CTX-M-15 ilikuwa imekaa kwenye plasmidi. Plasmidi ni kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake. Kwa lugha ya campus, ni desa. Mmoja akilipata anamtolea mwenzake kopi, na asiyesoma naye anafaulu. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba jeni hiyo hiyo ipo kwa E. koli wa Mwanza.

Mwaka huo pia ikatoka ripoti ambayo mimi huisoma kwa uchungu. Katika wodi za watoto wachanga palizuka maambukizi ya damu. Vimelea 17 vya kutoka damu za vichanga vilipimwa, na vipimo vya kawaida vikasema ni Salmonela wa paratifodi. Hapo ndipo jenetiki ilipofanya kazi. Waliposoma mpangilio wa jeni zake wakakuta siyo Salmonela kabisa, ni Enterobakta ambaye hajapewa jina, amebeba CTX-M-15 kwenye plasmidi kubwa. Na alikuwa amejificha wapi? Kwenye ndoo za maziwa za wodi mbili! Vichanga 6 kati ya 17 walifariki.

Hebu fikirieni, bila kuzijua jeni zake watu wangeendelea kumwinda Salmonela, na ndoo ingebaki pale pale. Hospitali iliweka hatua za udhibiti na watafiti wake wakayaandika yote wazi, dunia isome. Mimi naona huo nao ni ushujaa.

Mwaka 2016 mdudu aliyetoka kwenye damu ya kichanga alipewa rasmi jina la spishi mpya, Enterobacter bugandensis. Kati ya walioandika yumo Mshana na mwenzake wa Mwanza, Mariam Mirambo. Mwaka 2018 watafiti wa NASA wakatangaza kwamba bakteria waliochukuliwa mwaka 2015 kwenye choo na kifaa cha mazoezi cha Kituo cha Kimataifa cha Anga ni wa spishi hiyo hiyo. Hawakutoka Mwanza, ni ndugu tu wa ukoo mmoja. Lakini ili kuwatambua ilibidi walinganishwe na yule wa Bugando.

Sifa za angani tuziache kidogo. Huku machimboni mtu akisikia homa anapita duka la dawa, ananunua vidonge vinne vya antibayotiki, akipata nafuu anaacha. Bakteria wanaobaki tumboni ndio wenye madesa, na wanayagawa. Bili inaweza kuja kulipwa na kichanga cha siku tatu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Wanaosoma maabara, kazi bado ipo, na siyo lazima uisubirie Ulaya. Nawasilisha.