Kila Uzi na Kikalio Chake

Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision kule Marekani mwaka wa 1951, daraja lake lilikuwa na vikalio viwili tu kwa nyuzi nne. Nyuzi mbili, kikalio kimoja, zimebanana kama abiria wa matatu ya Ruiru jioni. Ukisawazisha mmoja, mwenzake unapotea. Ilipofika 1957 ndipo kila uzi ukapata kikalio chake.

Kwa muziki ambao besi inakaa nyuma tu, hiyo si noma sana. Lakini benga yetu? Hapo besi haijifichi. Inajibizana na gita, inapanda shingo. Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo ilibeba jina la mlima unaouona ukiwa Thika. Sikiliza besi yao utaelewa: uzi ukienda nje huko juu, kila mtu anajua.

Kwa hivyo kubadilisha daraja lililoliwa na kutu si urembo. Pima kwanza mashimo ya skrubu na nafasi kati ya nyuzi. Ukishafunga jipya, linganisha noti ya freti ya 12 na harmoniki yake, uzi baada ya uzi. Noti ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Haki hiyo nyuzi ziliingojea miaka 6. Wewe unahitaji bisibisi na jioni moja.