Katika Kuwahukumu Wenye Hekima wa Zamani

Tusomapo vitabu vya wenye hekima walioandika habari za siasa, mara nyingi twakuta ndani yake maneno ya kudharau mataifa mengine. Wako wasomaji ambao hapo hukitupa kitabu kizima. Na wako wamteteao mwandishi kwa neno moja tu, kwamba watu wote wa siku zile walifikiri vivyo hivyo. Twaona wote wawili wakata hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Na tutwae mfano wa David Hume, Mskoti (1711–1776).

Mwaka 1748 Hume alitoa insha juu ya tabia za mataifa. Katika chapa ya 1753 aliongeza maelezo chini ya ukurasa, akisema adhani watu weusi ni duni kwa asili kuliko weupe. Tena alimtaja mtu mweusi wa Jamaica aliyesifiwa kwa elimu, akamfananisha na kasuku ajuaye maneno machache. Basi shtaka hili si la kusingiziwa.

Mtetezi atasema kwamba katika insha ya 1752 Hume alilaumu utumwa wa watu wa kale. Ni kweli, na haki yataka jambo hili litiwe katika mizani. Lakini mtu aweza kuuchukia utumwa, na huku akamdharau mtumwa.

Je, zama zake zamwondolea lawama? Hapa yuko shahidi. Mwaka 1770 James Beattie, mwalimu wa chuo cha Aberdeen, alimjibu waziwazi: Waingereza na Wafaransa nao walikuwa washenzi miaka elfu mbili nyuma; na mtumwa asiyefundishwa kusoma, wala asiyeruhusiwa kutenda ila aliloamriwa na bwana wake, hawezi kupimwa akili yake. Chapa ya 1777, iliyotoka Hume amekwisha kufa, ilibadili maneno kidogo, lakini dharau kwa watu weusi ilibaki.

Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina lake katika jengo moja. Heshima ya jina ni shauri moja, na ukweli wa hoja zake nyingine ni shauri jingine. Kila moja lapasa kukatwa peke yake. Hume mwenyewe alifundisha kwamba maarifa yajengwe juu ya mambo yaliyoonekana na kupimwa. Kwa kipimo hicho maelezo yake yaanguka. Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Kwa hiyo tumsomeshapo Hume, na tumsomeshe Beattie pamoja naye.