Pale Safari Inapokatika: Vitanda vya Njia ya Juba na Pwani

Mtaa unaoitwa New Site hauwezi kuwa na hoteli ya kale. Jina lenyewe la mtaa huo wa Juba linatangaza upya wake, na Juba nzima ni mji mchanga. Miaka mia moja hivi iliyopita palikuwa na vijiji vya Wabari, shule ya misheni iliyoitwa Nugent, na maduka ya Wagiriki waliokuja wakifuata mto. Mji ulianza kupanuka pale serikali ya Waingereza ilipohamishia hapa makao ya mkoa kutoka Mongalla, katika miaka ya 1920. Anayetafuta nyumba ya wageni ambayo babu aliijenga, baba akairithi na leo mjukuu ndiye anayeandika majina ya wageni kitabuni, itambidi aondoke New Site, aifuate njia ya kusini na mashariki mpaka anuse chumvi ya bahari. Njia hiyo ya Juba na Pwani ina historia ndefu ya vitanda vya kukodi na vya bure, na historia hiyo haijasimuliwa vya kutosha.

Nyumba ya wageni ya njiani huzaliwa pale safari inapokatika. Stima inafika mwisho wa maji, upepo unageuka, jua linatua kabla ya mji unaofuata: hapo ndipo mtu mwenye akili hutandika kitanda, akabandika sufuria motoni.

Juba ni mahali pa namna hiyo hasa. Aliyepanda Nile kwa stima kutoka Khartoum alikata maji kwa siku nyingi, akipita kwenye vinamasi vya Sudd, lakini akishapita Juba kidogo alikutana na maji ya kasi na mawe. Kutoka hapo hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, mto haupitiki kwa meli. Ndiyo maana Gondokoro, ng'ambo ya mto karibu na Juba ya leo, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa muda mrefu kabla ya mji wenyewe. Hapo Februari 1863 Speke na Grant, wakitoka Pwani kupitia Unyamwezi na Buganda, walikutana na Samuel Baker aliyekuwa akipanda kutoka Misri. Wasafiri wa kaskazini na wa kusini walikutana Gondokoro kwa sababu maji yaliwakatalia wote kwenda mbele.

Karne ya ishirini ilipoingia, mkato huo ulijengewa hoteli. Shirika la Reli la Sudan, lililoendesha pia stima za mto na hoteli za Khartoum, Wadi Halfa na Port Sudan, liliendesha Juba Hotel kwa abiria walioshuka melini wakisubiri gari la kwenda Nimule. Kisha zikaja ndege. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka Uingereza hadi Mwanza, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town. Juba ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Ndege za wakati ule hazikusafiri usiku kwenye njia hii, kwa hiyo hata aliyepita angani alihitaji kitanda.

Kutoka Juba mtu aliyekwenda Mombasa katika miaka ya 1930 alibadilisha chombo mara nyingi kiasi cha kuchosha hata kusimulia. Gari mpaka Nimule. Stima ya Nile ya Albert mpaka Ziwa Albert, akashukia bandari ya Butiaba. Gari tena kupitia Masindi hadi Masindi Port. Stima nyingine kwenye Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo ndipo alipopanda treni. Kila mahali alipobadilisha chombo palikuwa na mtu wa kumhudumia. Masindi Hotel, iliyojengwa na reli mwaka 1923 na inayotajwa kuwa hoteli kongwe kuliko zote Uganda, ilisimama kwa sababu Masindi ilikuwa katikati ya maziwa mawili. Mwaka 1951 waliolala hapo ni pamoja na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart, waliokuja kutengeneza filamu ya The African Queen. Januari 1954 Ernest Hemingway alifikishwa Masindi akiwa na majeraha, baada ya ndege mbili kuanguka naye katika muda wa siku mbili, ya pili ikiwa Butiaba kwenyewe. Miaka ya 1961 na 1962 maji ya ziwa yalipanda, bandari ya Butiaba ikafunikwa, na stima Robert Coryndon ikazama hapo. Mwaka 1964 reli ilifika Pakwach. Masindi haikuwa tena njia panda, na hoteli yake ikabaki na wageni wa kumbukumbu na wa mbuga ya Murchison.

Wafanyabiashara hawakungoja hoteli za serikali. Allidina Visram, Mwismaili kutoka Kutch aliyeanzia biashara Bagamoyo akiwa kijana, alifungua maduka kuifuata misafara na baadaye reli, hadi Nimule na Gondokoro. Duka la Mhindi la zama zile lilikuwa zaidi ya mahali pa kununua shanga na kitambaa cha marekani. Msafiri aliacha mzigo, alipata habari za njia, mara nyingine alitandikiwa barazani. Mombasa ina shule ya sekondari yenye jina la mtu huyo, na huenda wengi wanaopita langoni kwake hawajui kwamba biashara zake zilifika karibu na Juba.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Treni zake za mwanzo hazikuwa na behewa la kulia chakula. Zilisimama, abiria wakashuka, wakala kwenye bangalo za reli zilizoigwa kutoka India: chakula cha jioni Voi, cha asubuhi Makindu. Mtindo huo ulijenga tabia ambayo haijafa mpaka leo. Basi la Mombasa lisiposimama mahali pa chai, abiria humlalamikia dereva kama aliyewadhulumu haki yao.

Kati ya wafanyakazi wa reli hiyo alikuwamo kijana Mskoti, John Alexander Hunter, aliyefika Kenya mwaka 1908. Baadaye alikuwa mwindaji, kisha mlinzi wa wanyama wa serikali. Katikati ya miaka ya 1940 aliua vifaru karibu 1,000 huko Makueni, kwa amri ya serikali, ili nchi ifunguliwe kwa makazi ya Wakamba. Ni hesabu inayotia simanzi, na hakuna njia ya kuisimulia ikapungua uzito. Uzeeni Hunter na mkewe Hilda waliweka nyumba ya wageni Kiboko, kama kilomita 160 kutoka Nairobi kwenye barabara ya Mombasa, penye chemchemi na migunga yenye magome ya manjano. Wakaiita Hunter's Lodge. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoteli ya njiani ya familia kwa maana kamili: mwenye nyumba alikuwa mwenyeji, jina lake liko kwenye kibao, hadithi zake ziko mezani, na bwawa la ndege liko nyuma ya vyumba. Barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi jekundu, na gari lililotoka Nairobi asubuhi halikuwa na uhakika wa kuiona bahari siku hiyo. Hunter alifariki mwaka 1963. Lami ilikamilika kabla ya muongo huo kwisha, na wengi waliokuwa wakilala Kiboko wakaanza kupita bila hata kupunguza mwendo.

Mbele kidogo, Makindu, kuna nyumba nyingine iliyozaliwa na reli, lakini hiyo haikuwahi kumdai mgeni senti. Kati ya Wahindi takriban 32,000 walioletwa kujenga reli, ambao karibu 2,500 walikufa kazini, walikuwamo Masingasinga wengi waliokuwa hodari katika useremala na uhunzi. Makindu ilikuwa kituo chao cha kazi, na mwaka 1926 walijenga hekalu hapo. Kituo kilipopungua umuhimu, jamii yao ilihama. Hekalu lingeweza kubaki gofu kando ya reli. Badala yake waumini wa miji mingine walilifufua na kuliongezea vyumba kwa ajili ya wasafiri. Jiko lake hupika kila siku, na anayekuja hali kwa dini yake wala kabila lake: hula kwa kuwa ana njaa. Akitaka kulala, hupewa chumba. Akitaka kuacha sadaka, huiacha.

Hapa maneno yenyewe yanafaa kusikilizwa. Mkenya akisema hoteli huenda anamaanisha kibanda cha chai na maandazi. Pa kulala ataita lojing. Mtanzania atauliza gesti iko wapi. Juba, kama Sudan nzima, neno la zamani ni lokanda, lililotoka Italia likapita kwa Waturuki na Wamisri mpaka likapanda Nile na wafanyabiashara. Majina yote hayo ni ya kuazima, kwa sababu kulala kwa malipo kulikuwa jambo geni. Kilichokuwa cha wenyeji ni neno mgeni, na methali inayompa mgeni huyo siku mbili za heshima, kisha ya tatu ikampa jembe.

Pwani ndiyo iliyoijua kazi hii mapema kuliko wote, na iliijua kama kazi ya familia. Mwaka 1331 Ibn Battuta, Mmoroko, alifika Mogadishu kwa jahazi. Aliandika kwamba chombo kilipotia nanga, vijana walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushukia pengine ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa mzoefu wa mji, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Baadaye Ibn Battuta aliendelea hadi Mombasa na Kilwa.

Mkato wa safari hapo ulikuwa upepo. Chombo kilichoshuka na kaskazi kilipaswa kungoja kusi kabla ya kurudi, na kungoja huko kulikuwa kwa miezi. Mtu hawezi kulala jahazini miezi. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na miji mingine zilijibu haja hiyo kwa daka, baraza na sabule, chumba cha mgeni kilichowekwa karibu na mlango ili apokelewe bila kuingia faragha ya wenye nyumba. Wanaodhani kwamba hoteli ya familia karibu na bahari ni uvumbuzi wa walowezi wa Malindi wa miaka ya 1930 wanaisahau sabule.

Na Juba? Juba ilirudi kwenye hadithi hii tarehe 9 Januari 2005, mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini Nairobi. Ghafla mji uliochoshwa na vita ukawa makao ya serikali, ya mashirika, ya wakandarasi, na haukuwa na vyumba. Kandokando ya Nile, chini ya miembe, yalisimamishwa mahema na makontena yaliyokatwa madirisha, jenereta ikanguruma usiku kucha, na hema moja likalipiwa zaidi ya dola 100 kwa usiku. Wenye biashara wengi walitoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Eritrea. Mchele, nyanya na soda vilipanda barabara kutoka Uganda. Kiswahili kilipanda navyo, katika stendi, masokoni na mapokezi ya hoteli. Aprili 2016 Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam, lakini lugha ya jumuiya ilikuwa imeshawasili kwenye malori.

Septemba 2012 barabara ya Juba na Nimule, kilomita 192, ilizinduliwa ikiwa na lami, kwa fedha za Marekani. Safari iliyokuwa ikimla mtu kutwa nzima, na masika hata zaidi, ikawa ya saa chache. Haikukaa salama. Vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 viliwatawanya wageni na wenyeji pamoja, na uvamizi wa njiani ukaendelea kuua. Aprili 2021, baada ya wenzao kuuawa Sudan Kusini, madereva wa Kenya na Uganda walikataa kuvuka mpaka, na malori yakajipanga Elegu, upande wa Uganda. Safari ilikatika tena karibu na palepale ilipokatika kwa stima, na watu wakalala chini ya magari yao.

Upande wa Pwani mambo yamekwenda kinyume. Tangu Madaraka Express ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, abiria wa Nairobi hufika Mombasa kwa saa tano hivi, na makontena mengi yakahamia relini. Mtito Andei, mji uliokaa karibu katikati ya barabara hiyo na ulioishi kwa kulaza na kulisha wapitao, ulihisi pengo. Lojing zilizokuwa na magari uani zikabaki na ua mtupu.

Lakini malori ya Juba bado hupita. Makindu, jiko la hekalu lililojengwa mwaka 1926 bado linawaka, na dereva atakayeivuka Nimule siku kadhaa baadaye huegesha, huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa anachopewa mlangoni, kisha huletewa dengu, chapati na chai ya maziwa.