Malipo ya fidia ya sarafu

Malipo ya fidia ya sarafu yalikuwa tozo na ruzuku zilizotumika mipakani mwa nchi za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya (EEC) kuanzia mwaka 1971 hadi mwisho wa mwaka 1992. Yalilipwa au kutozwa pale mazao ya kilimo yalipovuka mpaka, kwa sababu thamani ya sarafu za nchi wanachama ilikuwa imebadilika lakini bei za wakulima hazikubadilishwa kulingana nayo. Yaliongeza au kupunguza ushuru wa mazao yaliyotoka nje ya Jumuiya, na pia yaligusa biashara kati ya nchi wanachama zenyewe, ingawa ushuru wa forodha kati yao ulikuwa umefutwa tangu mwaka 1968.

## Msingi wake

Sera ya Pamoja ya Kilimo ilianza mwaka 1962. Mwaka 1967 nchi sita za mwanzo (Ubelgiji, Italia, Luxemburg, Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani Magharibi) zilianza kutumia bei moja ya nafaka. Kwa mazao muhimu kulikuwa na bei ambayo ghala za umma zililazimika kununulia endapo soko lingeanguka. Mazao ya kutoka nje ya Jumuiya yalitozwa tofauti kati ya bei ya soko la dunia na bei ya kizingiti iliyowekwa na Jumuiya.

Kwa kuwa nchi hizo hazikuwa na sarafu moja, bei ziliandikwa kwa kipimo cha hesabu. Kipimo hicho kilikuwa sawa na gramu 0.88867088 za dhahabu safi, yaani thamani ya dolar moja ya Marekani ya wakati ule. Hakikuwa fedha ya kushika mkononi. Mkulima alilipwa kwa mark, faranga au lira, baada ya bei kugeuzwa kwa kiwango rasmi cha sarafu ya nchi yake. Utaratibu huu ulitegemea jambo moja: kwamba viwango hivyo havitabadilika.

## Chanzo

Mwezi Agosti 1969 Ufaransa ilishusha thamani ya faranga kwa asilimia 11.11. Kipimo kimoja cha hesabu, kilichokuwa na thamani ya faranga 4.94, sasa kilikuwa faranga 5.55. Kama sheria ingefuatwa, bei za mazao nchini Ufaransa zingepanda mara moja kwa asilimia 12.5, na bei ya chakula ingepanda pamoja nazo. Serikali haikutaka hali hiyo. Iliruhusiwa kubaki na bei za zamani kwa muda, kwa kutoza mazao yaliyotoka nchini na kutoa ruzuku kwa yaliyoingia.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilipandisha thamani ya mark kwa asilimia 9.29. Kipimo cha hesabu kilishuka kutoka mark 4.00 hadi mark 3.66. Hapo waliotishiwa ni wakulima, kwa kuwa bei zao kwa mark zingeshuka kwa asilimia 8.5. Baada ya hatua za muda mpakani, Ujerumani ilikubali bei mpya na kuwafidia wakulima wake kwa njia nyingine.

Mwezi Mei 1971 mark ya Ujerumani na gulden ya Uholanzi ziliachwa zielee sokoni. Tarehe 12 Mei Baraza la Mawaziri lilipitisha Kanuni namba 974/71, iliyoyafanya malipo ya fidia kuwa utaratibu wa Jumuiya. Ulikusudiwa kuwa wa muda, lakini ulidumu zaidi ya miaka 20.

## Jinsi hesabu ilivyofanyika

Tangu hapo kila nchi ilikuwa na viwango viwili: kiwango cha soko, na kiwango maalumu cha kugeuzia bei za kilimo, kilichopewa jina la "kiwango cha kijani". Malipo ya fidia yalitokana na pengo kati ya viwango hivyo.

Kwa mfano uliorahisishwa, ngano ina bei ya pamoja ya vipimo 100. Ujerumani inaendelea kutumia kiwango cha kijani cha mark 4.00, ilhali sokoni kipimo ni mark 3.66. Mkulima wa Ujerumani anapata mark 400 badala ya 366. Bila kizuizi, mfanyabiashara angenunua ngano katika nchi nyingine kwa vipimo 100, akaiuza Ujerumani kwa mark 400, kisha akabadilisha fedha hizo na kupata vipimo 109.3. Ngano yote ingekimbilia ghala za Ujerumani. Kwa hiyo mpakani ilitozwa tofauti ya mark 34.

Kwa ngano inayotoka nje ya Jumuiya, ikiwa bei ya dunia ni vipimo 60 na bei ya kizingiti ni vipimo 100, tozo ya kawaida ni vipimo 40, sawa na mark 146.40 kwa kiwango cha soko. Ikiongezwa fidia ya mark 34, jumla inakuwa mark 180.40. Bei ya dunia haijabadilika na tozo ya pamoja haijabadilika, lakini mwagizaji anadaiwa zaidi kwa sababu ya sarafu peke yake.

Katika nchi ya sarafu dhaifu hesabu ilikwenda kinyume. Kwa viwango vya faranga vya mwaka 1969, tozo ya vipimo 40 ni takriban faranga 222. Pengo la bei ni takriban faranga 62, nalo linapunguzwa, hivyo mwagizaji analipa takriban faranga 160.

Kwa ufupi, malipo yalikuwa ya aina mbili:

* Fidia chanya, katika nchi za sarafu imara: tozo kwa mazao yanayoingia, ruzuku kwa yanayotoka.
* Fidia hasi, katika nchi za sarafu dhaifu: ruzuku kwa mazao yanayoingia, tozo kwa yanayotoka.

Mazao yaliyohusika ni pamoja na nafaka, sukari, maziwa na siagi, nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe na divai. Kwa nguruwe, fidia ilikadiriwa kutokana na bei ya nafaka wanazolishwa.

## Athari

Uingereza, Eire na Denmark zilijiunga tarehe 1 Januari 1973. Pauni ilikuwa imeanza kuelea mwaka 1972, ikaendelea kudhoofika. Serikali ya Uingereza ilisita kushusha "pauni ya kijani", kwa kuwa kufanya hivyo kungepandisha bei ya chakula wakati wa mfumuko mkubwa wa bei. Mwishoni mwa mwaka 1976 pengo lilizidi asilimia 40. Mlaji wa Uingereza alipata siagi na nyama kwa bei nafuu iliyochangiwa na mfuko wa Jumuiya, lakini wafugaji wa nguruwe wa nchi hiyo walilalamika kwamba nyama kutoka Denmark iliingia ikiwa na ruzuku, huku wao wakilipwa bei ya chini.

Nchini Ujerumani faida ilikuwa ya wakulima. Bei zao zilibaki juu ya zile za wenzao, ingawa mbolea, mashine na malisho kutoka nje vilizidi kuwa rahisi kadiri mark ilivyoimarika. Ufaransa ilipinga hali hiyo, ikiona kwamba wakulima wake walizuiwa kunufaika na soko la pamoja.

Katika mpaka wa Eire na Eire ya Kaskazini, malipo hayo yalichochea magendo. Viwango vya kijani vya pande hizo mbili vilipotofautiana, ng'ombe na nguruwe walivushwa kwa njia za panya ili kukwepa tozo. Wengine walivushwa rasmi kwa ajili ya kupata ruzuku, wakarudishwa kwa siri, kisha wakavushwa tena.

## Mahakamani

Katika kesi ya Balkan-Import-Export (5/73), mwagizaji wa jibini kutoka Bulgaria alipinga kutozwa fidia nchini Ujerumani. Mwaka 1973 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa halali.

Kesi ya CNTA (74/74) ilihusu kampuni ya Ufaransa iliyouza nje mbegu za rapa na mafuta yake. Tume ya Ulaya ilifuta fidia kwa bidhaa hizo kuanzia 1 Februari 1972, kwa taarifa ya siku chache tu, wakati kampuni ilikuwa tayari imefunga mikataba. Mwaka 1975 Mahakama ilisema kwamba Jumuiya ilipaswa kuweka kipindi cha mpito kwa wafanyabiashara walioutegemea utaratibu huo kwa nia njema. Hata hivyo, mwaka 1976 kampuni haikupewa fidia, kwa kuwa hasara haikuthibitishwa.

## Kukomeshwa

Mfumo wa Fedha wa Ulaya, ulioanza Machi 1979, ulipunguza kuyumba kwa sarafu lakini haukuondoa malipo haya. Mwaka 1984 nchi wanachama zilikubaliana kutoongeza fidia chanya mpya. Badala yake bei za kilimo zilifungamanishwa na sarafu iliyoimarika zaidi, kwa kutumia kizidishi. Hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1995, kizidishi kilikuwa kimefikia 1.207509. Maana yake ni kwamba bei za kilimo zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kupitia hesabu za sarafu, nje ya bei zilizotangazwa kila mwaka.

Malipo ya fidia yalifutwa tarehe 1 Januari 1993, soko la ndani lilipoanza na ukaguzi wa forodha mipakani ukaondolewa. Viwango vya kijani viliendelea kutumika hadi euro ilipoanza tarehe 1 Januari 1999. Katika nchi zilizobaki nje ya euro, malipo ya kilimo yamegeuzwa tangu hapo kwa kiwango cha kawaida cha soko.

## Tazama pia

* Sera ya Pamoja ya Kilimo
* Ushuru wa forodha
* Euro